Dosie Yetu na Neno "Tulijaribu"

Vijana walionirithi ofisini wameniomba niandike jinsi dosie ya tuzo, yaani faili la kuombea tuzo, inavyotengenezwa. Walitaka ukurasa mmoja wenye vichwa vya habari, waubandike ukutani. Nimewaambia ukutani kuna kalenda, inatosha. Nitaandika kama ninavyosema, na jinsi ninavyosema watu wa Kasongo wanaijua: nauliza sana, najibu polepole, na mtu akinikatiza naanza upya.

Nimestaafu juzijuzi tu. Kazi yangu yote ilikuwa ya maji. Usichanani nilikuwa vijijini natengeneza chemchemi, baadaye nikaingia kwenye chuo chetu cha maendeleo ya vijijini, wakaniita asistanti, yaani yule anayetembea na wanafunzi kwenye matope wakati maprofesa wamebaki na chaki. Vyeo na mishahara siviandiki hapa. Vingine bado vinanikasirisha, na kukasirika kunanipandisha presha.

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika jembe. Fundi wangu alikuwa Kalume, mwashi kutoka Nyangwe, mtu mrefu mwenye maneno machache, na aliniweka juu ya jiwe mbele ya chemchemi akaniambia nitafute jicho. Jicho ni pale hasa maji yanapotokea ardhini. Mimi niliona tope, vyura na majani yaliyooza. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo nikaona punje za mchanga zikirukaruka mahali pamoja, padogo kuliko sahani. Kalume akaniambia kwamba kazi yetu yote ni kulilinda lile jicho bila kuliudhi. Nikamuuliza linaudhiwaje. Akasema nitaona mwenyewe, akaenda kutafuta mawe.

Kifaa alichonifundisha kwanza kilikuwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mrefu, uliojazwa maji. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji ya ndani yanasimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili hata kama kati yenu kuna kichaka na kilima. Hapo unajua kipi kiko juu na kipi kiko chini. Baadaye wafadhili walituletea mashine zenye taa na betri, nazo nilizipenda, ila betri zikiisha ukiwa mbali kule Wamaza utazipata wapi? Mpira wangu niliuacha chuoni, kwenye msumari nyuma ya mlango. Msiufanye kamba ya nguo.

Kalume alikuwa na kuta zilizosimama tangu kabla sijazaliwa. Ukimwambia fundi, kazi yako ni nzuri, alijibu, "Tunajaribu." Sikushangaa, kwa kuwa kwetu kila mtu anajibu hivyo. Mtu amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati yanang'aa mpaka yanaumiza macho, ukimsifu anakwambia tunajaribu. Mama amejifungua mapacha, wote wazima, ukimuuliza hali anasema tunajaribu. Akijibu vingine watu watatazama pembeni, watasema huyu anajivuna. Neno hili nilikuwa nalo mdomoni maisha yangu yote na sikuwahi kuliuliza lolote, mimi ninayeuliza hata bei ya vitu nisivyonunua.

Sasa nije kwenye antene. Chama cha mafundi wa maji kina matawi ya wanafunzi kwenye vyuo, na sisi tawi tunaliita antene. Kila mwaka kamati ya chama huko Kindu, makao ya mkoa wetu wa Maniema, inapokea dosie za antene zote na kuchagua moja iliyofanya kazi vizuri. Inayoshinda inapewa cheti chenye fremu. Inapewa pia simanti, mabomba, vifaa, na usafiri wa kuvifikisha kijiji ambacho wanafunzi wenyewe wamechagua. Fremu haikutunyima usingizi. Simanti ndiyo tuliyoitaka, maana wanafunzi wetu walikuwa wanajenga kwa mawe, udongo wa mfinyanzi, na mifuko waliyoomba kwa wafanyabiashara wa sokoni, huyu anatoa nusu, yule anatoa ahadi.

Prezida wa antene mwaka ninaousimulia alikuwa Feza, msichana mfupi, mwepesi wa mguu, asiyecheka ovyo. Baba yake ni mshonaji hapa Kasongo. Mama yake ni Mubangubangu wa kijiji kimoja mbele ya Wamaza, nitakiita Kamisuku. Sekretere alikuwa Idi, mtoto wa duka, mwandiko mzuri, mdomo mtamu, angeweza kukuuzia mwavuli kiangazi. Wawili hawa waligombana kila siku na hawakuachana, na mimi nilikaa katikati yao kama mama mwenye kichwa kinachouma.

Dosie ya kwanza waliiandika nikiwa Kabambare na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Niliporudi ilikuwa imeshaondoka. Jibu lilikuja kwenye simu ya Idi, akalisoma mbele yetu uani, kwa sauti iliyokuwa inashuka kila neno. Kamati ilishukuru. Kamati iliona kwamba antene ya Kasongo imejaribu mambo mengi, na inasubiri kwa hamu kuona siku itakapomaliza moja.

Walikuwa wametengeneza chemchemi kadhaa, maji yanatiririka, watu wanachota. Feza alitoka akaenda kusimama nyuma ya jiko. Mimi nikaomba nione nakala, na nilipofika ukurasa wa pili nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Tulijaribu kutengeneza chemchemi ya chini ya ofisi. Tulijaribu kupima maji. Tulijaribu kuwafundisha wamama. Walikuwa wameandika Kifaransa safi kabisa, lakini ndani ya kile Kifaransa walikaa watoto wa Maniema wenye adabu, wanaogopa kujivuna mbele ya wakubwa. Na yule msomaji wa kamati huko Kindu, tuliambiwa, alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, mbali na kwetu na Kiswahili chetu. Alisoma kilichoandikwa.

Wenzangu waliona aibu. Mimi lile neno liliniingia kichwani likakataa kutoka. Nilianza kuwauliza watu: unajuaje kama "tunajaribu" ya mtu ni adabu, na unajuaje kama ameshindwa kweli? Niliuliza muuza sombe, yaani kisamvu, nikauliza mke wa imamu, nikauliza katekista tuliyesoma naye. Wote walinijibu kwamba inajulikana. Inajulikana kwa kitu gani? Uso, alisema muuza sombe. Katekista alifikiri siku mbili, akanifuata mpaka nyumbani kuniambia amepata. Aliye mzima anasema tunajaribu, alisema, na kazi bado inaendelea. Aliyeshindwa anasema tulijaribu, halafu ananyamaza.

Nilimkaribisha chai kwa furaha. Kumbe ndiyo hiyo! Ripoti zote zinaandikwa kwa wakati uliopita, ndivyo tunavyowafundisha. Watoto wamechukua neno la adabu, wakalirudisha nyuma kama kanuni inavyotaka, na huko nyuma lilikuwa na maana nyingine, hata kwa Kiswahili chetu wenyewe. Tungekuwa na msomaji wa Nyangwe naye angetuhurumia.

Mwaka uliofuata niliwaambia waandike upya, bila kujaribu. Idi akachukua hiyo kama ruhusa. Aliniletea sentensi inayosema antene imewapatia maji safi wananchi wote wa teritware ya Kabambare, yaani wilaya nzima. Nikamuuliza nani aliwahesabu. Akasema, Mama Asistanti, ni ya kuipa nguvu kidogo. Hapo nikaona tumetoka kwenye shimo moja tumeingia kwenye jingine, na nikatafuta njia ambayo nawaachia ninyi, kwa sababu sijaona nyingine iliyonisaidia zaidi. Kila sentensi ya dosie iende ikasomwe kwa sauti mahali inapozungumzia, mbele ya watu wanaochota maji hapo. Wakicheka, futa. Wakiongeza, andika. Wakinyamaza, kaa chini uulize.

Tuliondoka na pikipiki mbili, Feza nyuma ya dereva mmoja, mimi na Idi tumebanana nyuma ya mwingine, mpira wangu umeviringwa shingoni. Barabara ya Kabambare mnaijua, sitaisifu. Penye daraja la magogo tulishuka, penye tope tulisukuma, na mahali pamoja madereva waliibeba pikipiki mabegani huku sisi tukibeba viatu.

Kabambare tulianza na chemchemi iliyo bondeni, chini ya ofisi ya teritware. Idi alisimama juu ya jiwe akasoma kwa sauti ya misa. Alipofika kwenye "tumewafundisha wamama usafi wa bidoni", yale madumu ya kuchotea maji, wamama wakaangua kicheko. Siku ya lile somo mvua ilinyesha, kila mtu akakimbia kivyake, na mwalimu mwenyewe alikuwa wa kwanza. Somo lilibaki kwenye programu tu. Tukafuta. Halafu mama mmoja akauliza mbona hatujaandika habari za usafi wa pale chemchemini. Usafi gani? Wakatueleza. Waislamu wanafagia siku ya Jumapili, Wakristo wakiwa kanisani. Wakristo wanafagia siku ya Ijumaa, wenzao wakiwa msikitini. Hivyo chemchemi haikosi mtu na hakuna anayekosa sala. Walijipangia wenyewe, na sisi tuliokuja kuwafundisha hatukujua. Nilimwambia Idi aiweke ukurasa wa kwanza, na aandike kwamba ni wao waliobuni. Alisita kidogo kwa sababu haikuwa kazi ya antene. Nikamwambia antene imejenga kitu ambacho watu wamekiona chao, na hilo msomaji wa Kindu atalielewa kwa Kifaransa chochote.

Karibu na Wamaza tulisoma mbele ya wachimba dhahabu na wake zao, watu wa kila upande, Bukavu, Uvira, Kalemie. Sentensi ilisema maji yanatosha. Wakasema masika yanatosha, kiangazi wanapanga bidoni foleni tangu jogoo la kwanza. Tukaandika yote mawili, tukapima kwa ndoo na saa mbele yao, na aliyeshika saa alikuwa mmoja wao. Picha tulipiga kutoka pale pale ilipopigwa ya zamani, jiwe lile lile likionekana, ili mtu asiyetujua aweze kulinganisha. Picha ya wanafunzi waliovaa fulana moja na kutabasamu haimwambii mtu kitu. Zipo kwenye kila dosie.

Baada ya hapo nilimwona Feza anapanga safari ya kurudi. Kwanza mafuta ya pikipiki hayatoshi. Halafu mbingu imefunga. Halafu dereva wake anaumwa mgongo, na dereva mwenyewe hakuwa na habari. Kwenye dosie kulikuwa bado na ukurasa mmoja hatujausoma mahali pake, ukurasa wa Kamisuku. Uliandikwa na Idi na ulikuwa na picha nzuri kuliko zote: siku ya kufungua chemchemi, maji yanamwagika bombani, mjomba wa Feza na kofia yake, na Feza ameshika bidoni anacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka vile. Nikamuuliza kuna nini Kamisuku. Idi akajibu badala yake kwamba picha inatosha, picha haina uongo, siku ile maji yalitoka.

"Yalitoka," alisema Feza. "Halafu yakakauka."

Akanieleza. Maji yalitiririka majuma machache, yakapungua, yakawa matone, yakaisha. Zamani Kamisuku walikuwa na chemchemi yenye tope, ila ilikuwa na maji. Sasa wana ukuta mzuri na bomba kavu. Wamama wanashuka mpaka mtoni, na juu ya mto huo wachimba dhahabu wanaosha mchanga wao, maji yanafika yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Na aliyewaambia watu wa Kamisuku waiachie antene chemchemi yao alikuwa yeye, mwipwa wao, mtoto wa dada yao. Tangu yakauke hakulala tena kule. Mama yake akitaka kwenda kusalimia, Feza anasingizia mitihani.

"Kule ni kwetu, Mama Asistanti," alisema. "Nitaingia na uso gani?"

Nilimwambia ataingia na huo alio nao, na mimi nitakuwa nyuma yake. Sikuwa mpole, nakubali, lakini nilikuwa na mambo mawili moyoni: huruma, na hamu kubwa ya kujua maji yale yameenda wapi. Maji hayafi. Yakiacha njia moja yanashika nyingine.

Kamisuku walitupokea vizuri, na hapo ndipo palipouma. Mjomba, jina lake Mwinyi, aliita viti. Kiti changu, kiti cha Idi, na kiti cha Feza. Mke wa mjomba, Mama Bitondo, alileta kikombe cha maji ya kunawa, nusu tu, maana yanatoka mbali, akayamimina mikononi mwa Feza taratibu kama anamnawisha msimamizi wa teritware. Kwetu mwipwa hapewi kiti kwa mjomba wake, kiti ni cha mgeni. Anatumwa. Anaambiwa kamata mchi, twanga sombe, kimbia mtoni. Feza alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono imelowa, hakujua aipanguse wapi.

Watu walipojaa akasimama kusoma. Maneno ya Idi, "tumetengeneza chemchemi ya Kamisuku", alikuwa ameyafuta njiani. Alisoma kwa Kiswahili, akarudia kwa Kibangubangu: tulijaribu kutengeneza chemchemi ya Kamisuku. Halafu akanyamaza, na nikamkumbuka katekista wangu.

Mjomba Mwinyi akakohoa. Ni mtu wa heshima, aliona mwipwa wake anaumia, akataka kumwokoa.

"Hapana, mwipwa wangu, andika mulitengeneza," alisema. "Mulitengeneza. Sisi wote tuliona. Maji ndiyo ilikataa." Akageukia watu, wakaitikia ndiyo, ndiyo, mulitengeneza. Kijiji kizima kilikuwa tayari kusema uongo mbele ya kamati ya Kindu ili mtoto wao apate cheti. Idi alinitazama, peni iko mkononi.

Mama Bitondo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake kitupu.

"Mukiandika maji iko," alisema, "nani atarudi huku?"

Hakupandisha sauti. Mumewe aliangalia kofia yake. Idi akafunga peni.

Tukaenda chemchemini, kijiji chote nyuma yetu. Ndani ya bomba nyigu walikuwa wamejenga. Nilimpa Feza ncha moja ya mpira, Idi nyingine, nikawaambia watafute jicho la zamani lilikuwa usawa gani. Wazee walionyesha mwamba ambao zamani maji yalikuwa yanatoka chini yake. Maji ya mpira yalitulia, tukasoma. Bomba lilikuwa juu ya jicho, viganja viwili. Nikauliza nani aliliinua. Idi akasema waliliinua kwa sababu bidoni kubwa haikuingia chini yake. Mama Bitondo akasema, "Sisi ndio tulisema muinue." Basi ikawa hivyo: wamama waliomba, wanafunzi walitaka kuwafurahisha, na maji, yakilazimishwa kupanda ili yatoke, yaligeuka nyuma ya ukuta yakatafuta njia ya chini. Ndivyo jicho linavyoudhiwa. Nimeishi na lile swali miaka mingi, nimeona majibu yake mengi, lakini hili lilikuwa wazi kuliko yote.

Tulishuka bondeni kufuata majani mabichi. Feza alikuwa mbele. Alipotea kwenye matete, tukasikia anaita. Yalikuwa pale, yanatoka katikati ya mizizi, maangavu, baridi, na hakuna aliyejua. Nilichota kwa kiganja nikanywa, na nawaambia ukweli, umri wangu wote huo, nilifurahi nusura nicheze. Yangeweza kurudishwa. Tubomoe ukuta, tushushe bomba mpaka usawa wa jicho, na kwa ajili ya bidoni tuchimbe shimo la kusimama mbele yake, lenye ngazi na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika. Kilichokosekana kilikuwa simanti na mabomba, na vyote viwili vilikuwa Kindu.

Kuandika kulituchukua muda mrefu kuliko safari. Idi hakukubali upesi. Alisema hakuna muuzaji anayeanza na kasoro ya bidhaa yake, na kwa maneno ya soko alikuwa na haki. Feza alisema Kamisuku itakuwa ukurasa mrefu kuliko zote, na itakuwa na mchoro: mwamba, jicho, bomba, viganja viwili, na mahali maji yalipokimbilia. Ile picha ya kucheka ibaki, na karibu yake iwekwe ya bomba lenye nyigu. Waligombana mpaka wanafunzi wengine wakahama chumba. Mwishoni Idi alichukua karatasi akaenda kukaa peke yake, akarudi na sentensi moja ya kuwekwa mwanzo kabisa. Niliisoma mara mbili, sikuigusa. Ilisema: "Katika dosie hii neno kujaribu liko mara moja tu, na pale lilipo lina maana kwamba tulishindwa."

Mengine mnayajua au mtayajua. Kila kipimo kiwe na jina la aliyepima. Kila kijiji kiwe na mtu anayeweza kupigiwa simu, na umwambie mapema, asije akadhani ni matapeli. Mpe dosie mtu asiye wa kazi yenu aisome. Sisi tulimpa baba yake Feza, naye alituuliza swali kwenye kila ukurasa huku anashona, tukamjibu kwa kuandika upya. Ikaondoka.

Simu ya Kindu ilimkuta Feza sokoni nikiwa naye, ikakatika. Alikimbia mpaka kilimani penye mtandao, mimi namfuata nahema. Aliyepiga alikuwa yule msomaji wa magharibi mwenyewe. Hakuuliza habari za Kabambare wala Wamaza. Aliuliza bomba la Kamisuku lilikuwa juu kiasi gani hasa, na wakilishusha wamama watasimama wapi. Feza akamwelezea shimo na ngazi, mkono wake ukichora hewani kama anamwona. Mtu yule akasema kijijini kwao, karibu na nyumba ya mama yake, kuna ukuta kama huo na bomba kavu, na miaka yote wamesema ni uchawi. Akaomba mchoro mwingine, mkubwa zaidi.

Tulishinda. Cheti kiko ofisini kwenye fremu yake, kimepinda kidogo, kinyoosheni. Simanti ilifika Kamisuku baada ya mvua, tukabomoa, tukashusha, tukajenga. Nilikataa sherehe ya kufungua. Nilisema tutarudi kiangazi kikiwa kikali, tuone, na watu walinuna kwa sababu mbuzi alikuwa ameshachaguliwa.

Kiangazi hicho kilikuwa cha mwisho kwangu kazini. Tulirudi Feza na mimi tu, Idi alikuwa kwenye staji, anajifunza kazi. Majani yalikuwa yamekauka, mto wa wachimbaji umebaki utepe, na tulipoteremka kwenye chemchemi hatukumwarifu mtu. Maji yalikuwa yanatoka bomba zima. Mama Bitondo alikuwa shimoni anajaza bidoni, mgongo kwetu. Alipogeuka akamwona Feza, hakumsalimia, hakumuita mgeni, hakusema asante. Alisokota kitambaa chake kikawa kata, akapanda ngazi, akamwekea Feza kichwani, na juu yake akaitua bidoni iliyojaa.

"Peleka nyumbani," alisema. "Halafu urudi mbio, iko ingine."

Feza akapanda mlima. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika bidoni, kwa hiyo machozi hakuyafuta.